Sukuma, Sukumwa, Sukumana

Mvua ya Aprili ikishika Olenguruone, barabara za ndani huwa si barabara tena, ni uji. Asubuhi moja mwaka jana nilikuwa nyuma ya pikapu ya kukodi iliyobeba magunia kumi na mawili ya viazi, mikono juu ya chuma baridi, gambuti zimezama hadi kwenye vifundo vya miguu. Baba alikuwa kushoto, mimi kulia, dereva ndani akikanyaga mafuta kana kwamba injini ndiyo yenye makosa. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote. Pikapu haikusogea hata inchi. Aliyesogea ni mimi, tena kinyumenyume.

Baba hakucheka. Alisema tu, "Simama kwanza, kijana. Ndio usukume."

Nilisoma fizikia chuo kikuu karibu miaka miwili kabla ya kuacha, na hakuna mhadhara uliowahi kuniingia kama hayo maneno matano. Kwa sababu ndivyo ilivyo: huwezi kusukuma kitu mbele kama wewe mwenyewe husukumwi na kitu kingine. Unapoegemea gari, miguu yako inaisukuma ardhi nyuma, nayo ardhi, kwa msuguano, inakusukuma wewe mbele. Nguvu inayotikisa gari inapita kwenye mikono yako, lakini ardhi ndiyo inayokuwezesha kuitoa. Ardhi ikikataa, kama tope linavyokataa, misuli yako ni mapambo. Kama unasoma hii ukiwa Nairobi na hujawahi kuona tope la Mau, vaa soksi, simama kwenye taili zilizopigwa deki, kisha ujaribu kusukuma friji. Utanielewa.

Siku hiyo ndipo swali moja la zamani liliponirudia. Limekaa nami tangu nikiwa na miaka saba, na lilianza vilevile, nyuma ya pikapu, kwenye tope hilohilo. Swali ni hili: ukisukuma, umefanya nini hasa? Msukumo unapimwa kwa nguvu uliyotumia, kwa nia uliyokuwa nayo, au kwa mahali ulikomfikisha aliyesukumwa? Naomba tulifikie polepole, maana njia ina utelezi.

*

Mwaka 1665 tauni ilipoenea Uingereza, chuo cha Cambridge kilifungwa, na Isaac Newton, kijana wa miaka 22, akarudi kijijini kwao Woolsthorpe. Huko alianza kufikiria mambo ambayo mengine yalikuja kutoka mwaka 1687 katika kitabu chake, Principia. Machi 2020 korona ilipoingia Kenya, vyuo vilifungwa, na mimi, kijana wa miaka 19, nikarudi kijijini kwetu. Newton alirudi chuoni na siri za ulimwengu. Mimi nilirudi na salio la karo. Nilijaribu muhula mmoja zaidi, kisha nikakubali yaishe. Siku hizi naandikia watu makala kwa malipo ya kila neno, stima ikiwepo na mtandao ukikubali, na msimu wa viazi nabeba magunia.

Kanuni ya tatu ya Newton ndiyo watu wanapenda sana kuitaja, na ndiyo wanayoikosea sana. Inasema hivi: kitu kimoja kikisukuma kingine, hicho cha pili nacho kinakisukuma cha kwanza, kwa nguvu ileile, kwa upande ulio kinyume, na kwa wakati uleule. Wahenga wetu hawakungoja Cambridge kujua hilo. Walisema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe.

Sasa, kwenye status za WhatsApp utaona picha ya Newton na maneno "malipo ni hapa hapa duniani", kana kwamba kanuni hii inaahidi kwamba ubaya utamrudia mtenda. Haiahidi kitu kama hicho. Malipo huja baadaye. Nguvu ya ukuta haingoji. Ngumi yako inapougusa ukuta, ukuta nao umeshaigusa ngumi. Haukufikiria, haukukasirika, haukulipiza kisasi. Ni tukio moja lenye pande mbili. Wala nguvu hizo mbili hazifutani, maana kila moja inafanya kazi kwenye mwili tofauti: moja kwenye ukuta, nyingine kwenye mkono. Hapo ndipo wengi wetu tulipokosa maswali kidato cha tatu.

Kiswahili chenyewe kina silabi inayofanya kazi hiyo. Chukua kitenzi, mtie -ana mwishoni: gusa, gusana. Gonga, gongana. Sukuma, sukumana. Shika, shikana. Ukisema "nimeigusa meza" umeeleza nusu ya habari, kwa sababu meza nayo imekugusa. Mwanafizikia akiruhusiwa kutunga kamusi, angefuta "kugusa" abakishe "kugusana" tu. Hakuna nguvu ya mguso iliyo ya upande mmoja, hakuna popote.

Ninaipenda hiyo silabi. Lakini pia nimejifunza kuiogopa, na nitaeleza kwa nini.

*

Kwanza kuna utani ambao kila mwanafunzi wa fizikia huambiwa: kwamba kwa kweli hujawahi kugusa kitu chochote maishani. Weka kiganja juu ya meza. Kiganja ni atomu, meza ni atomu, na pande za nje za atomu ni elektroni, ambazo zote zina chaji hasi na zinakataana. Juu ya hilo, mwaka 1925 Wolfgang Pauli alieleza kanuni kwamba elektroni mbili haziwezi kukaa katika hali moja ileile kwa pamoja. Ukizisukuma zije karibu zaidi, zinakataa. Mwaka 1967 Freeman Dyson na Andrew Lenard walionyesha kihesabu kwamba bila kukataana huko, vitu vya kawaida visingeweza kubaki na umbo. Vingejikunja ndani yao wenyewe. Kwa hiyo mkono wako unasimama kabla ya meza, kwa umbali mdogo sana, sehemu ya nanomita, na nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Kwa kipimo cha atomu, hata binadamu hawakutani.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilihuzunika kijinga. Nilikuwa na msichana wakati huo, na nilitembea hadi hosteli nikiwaza kwamba hata mkono wake sijawahi kuushika. Leo naona utani huo umekosea mahali pamoja. Unadhani kugusa ni kufuta nafasi kati ya vitu viwili, halafu unashangaa kukuta nafasi bado ipo. Lakini kugusa hakujawahi kuwa hivyo. Kama mkono wangu ungeweza kufuta nafasi yote, ungepita ndani ya meza kama moshi na nisingehisi chochote. Ninahisi meza kwa sababu meza inakataa kuingiliwa. Nilihisi mkono wa yule msichana kwa sababu haukuwa wangu. Kugusa ni kukutana na mpaka wa mwingine na kuuhisi ukikusukuma.

Watu wa pwani wanasema "shikamoo", neno ambalo wengi hulieleza kuwa "nashika miguu yako", na hakuna anayeinama kushika mguu wa mtu. Kwa Wamaasai, majirani zetu wa upande wa kusini, mtoto huinamisha kichwa mbele ya mzee, na mzee hukiweka kiganja juu yake kidogo tu, basi. Salamu zote mbili zinajua kitu: heshima ni kufika kwenye mpaka wa mtu na kusimama hapo.

Na kuna upande wa pili wa kukataa huko. Mimi nina kilo kama 60. Muda huu ninapoandika, dunia inanivuta chini kwa nguvu ya karibu nyutoni 590, na kiti kinanisukuma juu kwa nguvu hiyohiyo. Kiti kikiacha kunikataa, naanguka. Sakafu isipokikataa kiti, tunaanguka wote. Kila kilichosimama kimesimama kwa sababu kuna kitu chini yake kimekataa kupisha.

*

Sasa nirudi kwenye ile silabi.

Tuseme lori la viazi na boda zimegongana kwenye barabara ya kwenda Molo. Lori na mzigo wake lina tani 10. Boda na mwendeshaji wake ni kilo 200. Nguvu iliyolisukuma lori na nguvu iliyoisukuma boda ni sawasawa kabisa, hadi nyutoni ya mwisho. Hiyo ni kanuni na haina rushwa. Lakini boda ni nyepesi mara 50. Kwa hiyo lori likipungua mwendo kwa kilomita 1 kwa saa, mwendo wa boda utabadilika kwa kilomita 50 kwa saa, ndani ya kufumba na kufumbua. Dereva wa lori atasikia kishindo. Mwendeshaji wa boda hatasikia kitu tena.

Jioni kwenye habari mtangazaji atasema: "Lori na pikipiki ziligongana." Ni kweli. Hakuna neno la uongo hapo. Zili-gong-ana. Na bado, ukisikiliza vizuri, sentensi hiyo imewagawia wote wawili ajali sawa, na ajali haikuwa sawa. Nguvu ndiyo iliyokuwa sawa.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka kusema. Fizikia inatupa usawa wa nguvu, wala haituahidi usawa wa madhara. Kati ya hivyo viwili kuna uzito wa kila mmoja, alivyosimama, alichoegemea, na alichotengenezwa nacho. Ninaporuka nikatua, ninaisukuma dunia nzima kwa nguvu ileile inayonisukuma. Dunia inasogea, naam, lakini kwa umbali mdogo mara milioni mia kadhaa kuliko kiini cha atomu. Mimi ndiye ninayeteguka kifundo. Maadili yanaanza kuuliza maswali pale usawa wa Newton unapomalizikia: nani alisogea? Nani alivunjika?

Na sasa sema neno hili polepole: ma-pig-an-o. Mapigano. Silabi imo ndani.

*

Olenguruone imesukumwa na kusukumana kuliko pikapu yoyote. Jina ni la Kimaasai. Msitu wa Mau ulio juu yetu ni nyumbani kwa Waogiek, ambao wamefurushwa humo mara nyingi kiasi kwamba tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki zao. Mwaka 1941 serikali ya mkoloni ilizileta hapa familia za Wakikuyu waliokuwa maskwota wasio na ardhi, halafu ikawaletea masharti ya namna ya kulima na ya nani atarithi, masharti ya mpangaji, si ya mwenye shamba. Wakakataa kuyakubali. Walikula kiapo cha umoja, wanaume kwa wanawake, na kiapo hicho wanahistoria wanakihesabu miongoni mwa mizizi ya Mau Mau. Mkoloni naye akasukuma. Kufikia 1950 walikuwa wameondolewa, wengi wakapelekwa Yatta, kwenye ukame. Walikuwa wamekataa kupisha, kama sakafu inavyokataa, lakini hata sakafu ina kikomo. Ukiizidishia uzito inapasuka.

Baada ya uhuru watu wakaja, wakanunua, wakagawiwa, wakalima. Kisha 1992. Kisha 1997 na 1998. Kisha 2007 na 2008. Tume ya Akiwumi iliundwa mwaka 1998 kuchunguza yale ya miaka ya tisini, na ya Waki ikafuata mwaka 2008. Watu wa kawaida hapa husema tu "wakati wa vita", na wewe unatakiwa kujua ni ipi. Magazetini na redioni yalikuwa mapigano ya kikabila. Mapigano: neno linalosema kwamba kila mtu alipiga na kila mtu alipigwa. Kuna mahali ambapo hilo lilikuwa kweli. Kuna mahali ambapo upande mmoja ulikuwa lori.

Huku Kuresoi mambo hayakungoja kura ya Desemba 27, 2007. Yalianza kabla. Mwezi wa Novemba tulikuwa tunaona moshi ng'ambo ya mabonde, na mama alikuwa ameshafunga nguo zetu kwenye shuka, endapo. Haikuwa zamu yetu. Ilikuwa zamu ya jirani.

Jirani yetu alikuwa mtu wa kimya aliyekuwa akiniachia niendeshe baiskeli yake, mguu mmoja ukipitia katikati ya vyuma kwa sababu sikufikia kiti. Kabila lake sitalitaja wala langu. Wanaotujua wanajua, na kwa wengine haliongezi kitu. Asubuhi hiyo kulikuwa na pikapu kwenye boma lake. Ilikuwa na godoro, meza, mabati aliyoyang'oa usiku, mkewe na watoto wanne, na kuku kwenye kikapu. Mvua ilikuwa imenyesha. Pikapu ilitoka langoni, ikafika kwenye njia, ikakwama mbele ya nyumba yetu.

Baba alitoka. Hakusema kitu. Alikata matawi ya mti ulio kando ya njia, akayatia chini ya tairi za nyuma, akaweka mabega kwenye chuma, akasukuma. Mimi pia nilikwenda nikaweka viganja vyangu, na hakuna aliyenikataza. Ninakumbuka chuma kilivyotetemeka. Ninakumbuka mtoto wao wa rika langu akiniangalia kutoka juu ya godoro, uso wake kama mita moja kutoka wangu. Gari likashika ardhi, likaruka, likaenda. Halikusimama. Jirani hakupunga mkono.

Msimu ule viazi vya shamba lake vilikuwa tayari kuvunwa. Vikavunwa. Na sisi tulikuwamo. Nimevila. Sijui niseme vipi kwa namna nyingine.

*

Kwa hiyo swali. Baba alikuwa anafanya nini siku ile: alikuwa anasaidia, au alikuwa anafukuza?

Fizikia haiwezi kujibu, na kuna sababu. Nguvu ina ukubwa na ina mwelekeo. Haina kitu cha tatu. Weka kipimo kati ya bega la baba na chuma cha pikapu, kitakuambia ni nyutoni ngapi na zinaelekea upande gani, na kitatoa namba ileile kwa jirani mwema na kwa adui. Waliokuwa nyuma ya moshi walitaka pikapu hiyo iende kaskazini. Baba aliisukuma kaskazini.

Jibu rahisi ni nia. Tumefundishwa hivyo kanisani, msikitini na kwa bibi zetu: angalia moyo. Waliochoma walitaka aondoke. Baba alitaka apone. Vitendo viwili tofauti kabisa. Na mimi ninakubali, nia ina uzito. Lakini sikubali iwe mwisho wa hesabu, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba jirani hakuwa na kipimo cha nia. Alihisi gari likienda tu. Darasani tunafundishwa kwamba kitu kikivutwa na kusukumwa na nguvu nyingi, hakijui ipi ilitoka kwa nani, kinafuata jumla. Kamba kumi zikiwa zinavuta upande mmoja, ya kumi na moja ikiongezwa kwa huruma, jumla inaongezeka vilevile. Ubaya mwingi duniani unaendeshwa na jumla, na ndani ya jumla hiyo mna watu wazuri wengi waliosukuma kidogo, kwa upole, upande ambao mambo yalikuwa yanaelekea tayari.

Ya pili ni viazi. Nia inaweza kuwa safi saa moja asubuhi, na bado saa kumi jioni ukajikuta na gunia. Mlipogongana na ulimwengu, mwendo wako ulibadilika kwa kilomita moja, wa mwenzako kwa hamsini. Sisi hatukuchoma nyumba ya mtu. Tulikuwa lori tu. Tulisikia kishindo, tukapunguza mwendo kidogo, tukaendelea na msimu.

Nilimuuliza Baba mwaka jana, baada ya ile pikapu yetu ya magunia. Sikuwa nimewahi kumuuliza. Baba zetu hawaulizwi hivyo. Tulikuwa tumekaa juu ya jiwe tukikwangua matope kwenye gambuti.

"Baba, unakumbuka siku ya pikapu ya jirani?"

"Nakumbuka."

"Ulikuwa unasukuma kwa nini?"

"Ilikuwa imekwama."

Nilidhani ndiyo imeisha. Aliendelea kukwangua. Kisha akasema, "Ningeiacha pale, wangemkuta pale." Akanyamaza tena. "Ulitaka nisimame mbele ya hao watu na panga langu moja, na nyinyi mko ndani?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nilikuwa nimefika pale nikiwa na hukumu yangu ya mtu wa vitabu: kwamba msukumo mwema ungekuwa wa upande wa pili, wa kusimama barabarani na kukataa kupisha, kama walivyokataa wale wa miaka ya arobaini. Lakini "simama kwanza, ndio usukume". Baba angesimama juu ya nini? Kusukuma kinyume na umati kunahitaji ardhi iliyo ngumu: majirani wengine, chifu anayejibu simu, polisi wanaofika, serikali. Mwaka ule ardhi yote ilikuwa tope. Kumlaumu mtu mmoja kwa kuteleza ni rahisi ukiwa umesimama kwenye lami.

Kwa hiyo nilichofikia ni hiki, na ni kidogo. Msukumo mmoja unaweza kuwa msaada na kufukuza kwa pamoja, na si lazima tuchague. Baba aliokoa maisha ya watu sita, na alikuwa sehemu ya jumla iliyowaondoa. Kumpa la kwanza bila la pili ni kumpamba. Kumpa la pili bila la kwanza ni kumtukana. Anayestahili kuulizwa zaidi si bega lake la asubuhi ile, ni kila kilichofuata baada ya gari kutokomea, wakati ambapo hakuna aliyekuwa anatusukuma na tungeweza kusimama. Viazi vile vilikuwa na mwenyewe. Vilikuwa na bei. Kulikuwa na simu.

*

Jirani alirudi mara moja, mwaka 2011, kuuza shamba. Hakutuuzia sisi, Baba aliitwa awe shahidi. Nilikuwa nimesimama kando nikiwa na sare ya shule. Walipomaliza kutia sahihi walishikana mikono, na kama wazee wa huku wanavyofanya, hawakuachana. Waliendelea kuongea mkono ndani ya mkono, kuhusu mvua, kuhusu mtoto wa nani yuko kidato gani, labda dakika nne nzima. Kuhusu viazi sikusikia neno.

Nimeifikiria sana mikono ile. Kwa Newton hakuna fumbo: mmoja alibana, mwingine alibanwa kwa nguvu ileile, wakati uleule, na hakuna kipimo kinachoweza kusema nani aliyembana mwenzake. Usawa kamili, kwa dakika nne. Kisha mmoja akaenda kusubiri matatu ya kurudi Nakuru, na mwingine akatembea hatua mia mbili hadi nyumbani kwake.

Wengi wetu tunapenda sana neno "kupatana" hapa Kenya. Kila baada ya uchaguzi tunapatanishwa. Neno zuri, nalo lina ile silabi. Ninachoomba ni kwamba tukilitumia, tusiruhusu -ana iwe sabuni. Wakisema walipigana, uliza nani alihama. Wakisema wamepatana, uliza nani alipata.

Siku ile ya magunia, tulitoa pikapu kwa mbinu ileile ya zamani: matawi chini ya tairi, mawe kidogo, kisha kusimama vizuri. Tairi likaacha kuzunguka bure, likashika. Gari likaruka mbele, sisi wawili tukaanguka kifudifudi kwenye tope, na dereva akaenda zake juu ya kilima bila kusimama.

Nilikasirika. Nikasema hata asante hakuna.

"Angesimama angekwama," Baba alisema. "Gari likitoka kwenye matope halisimami hadi lipate ardhi."

Nilibaki nimelala pale kidogo, matope mdomoni. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeamini kwamba jirani hakupunga mkono kwa sababu alitujua sisi ni nani. Inawezekana. Inawezekana pia alikuwa bado anatafuta ardhi. Dereva alitungoja huko juu, mahali penye mawe, injini ikiunguruma, na alipotuona akapiga honi. Tulinyanyuka. Baba alinipa mkono, nikauvuta, ukanivuta.